Wimpole: Tuanzie Ghalani

Mabibi na mabwana, wageni wengi wakifika Wimpole, jumba la kale lenye shamba lake mkoani Cambridgeshire, Uingereza, huelekea jumbani moja kwa moja. Leo nawaomba tuanzie shambani, maana jumba lilishiba kwa sababu ya ghala.

Jumba lenyewe lilianza kujengwa na Thomas Chicheley miaka ya 1640. Philip Yorke alilinunua 1740. Mjukuu wake, naye Philip Yorke, alilirithi 1790 akamwita John Soane, msanifu wa Benki ya Uingereza, na mwaka 1794 Soane akasanifu shamba la nyumbani, yaani shamba la mwenye jumba mwenyewe. Ghala Kuu ni la nguzo na mbao, limeezekwa mabua.

Maghala ya namna hii yana milango miwili mikubwa inayotazamana, na katikati yake sakafu ya kupuria. Mkokoteni uliosheheni ngano uliingia kwa mlango mmoja, ukapakuliwa pande zote mbili, ukatokea wa pili bila kugeuzwa. Ngano ilipaswa kuwa kavu kabisa: mbichi ikirundikwa hupata joto, huota kuvu, na rundo zima huharibika.

Kupura kulisubiri majira ya baridi. Chombo chake ni fimbo mbili zilizoungwa kwa ukanda wa ngozi: ndefu ya kushikia, fupi ya kupigia. Sakafu ya mbao za mwaloni ilisifiwa kwa sababu haivumbishi udongo ndani ya nafaka, lakini mbao zikiachana, punje hupotelea nyufani. Kisha milango yote miwili hufunguliwa, nafaka ikarushwa juu, upepo ukachukua makapi. Siku isiyo na upepo, hakuna kupepeta.

Mabua hayakutupwa. Yalitandikwa uani chini ya ng'ombe, yakakanyagwa yakawa samadi, na samadi ikarudi kondeni. Ndiyo maana zizi na ghala hujengwa ubavu kwa ubavu. Ukivitenganisha, utabeba mzigo uleule mara mbili.

Mashine ya kupuria ya Andrew Meikle, ya 1786, ilimaliza kazi hiyo ya baridi upesi mno. Kwa kibarua, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mkate wake wa miezi kadhaa. Mwaka 1830, kusini na mashariki mwa Uingereza, vibarua walizivunja mashine hizo kwa nyundo. Anayesimulia majumba haya bila watu hao anawadhulumu.

Elsie Bambridge, mmiliki wa mwisho, alifariki 1976 akaliachia Shirika la National Trust, linalohifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, jumba na shamba. Mifugo ya mbegu adimu ingali inafugwa pale.