Boksi la spana mia au spana tano za maana?

SALMA: Assalaamu alaykum, karibuni tena kipindini. Mimi Salma, niko na kaka Makame. Wasikilizaji wengi wanaofungua injini wenyewe nyumbani wanauliza lile boksi kubwa la spana, la vipande mia na kitu. Linunuliwe au lisinunuliwe?

MAKAME: Waalaykum salaam, Bi Salma. Boksi lile zuri kulitazama. Nusu yake ni biti ambazo hutozigusa mpaka zifanye kutu, na kwa chumvi ya hapa Unguja hazichukui muda. Miye nasema pesa zako zipeleke pahala pawili tu: kwenye kile kinachoshika nati, na kwenye kile kinachokupa namba. Vilivyobaki nunua rahisi, au kaazime.

SALMA: Haya, tuanze na kinachoshika nati. Kule Pemba ami yangu anatengeneza mashine za boti, na vita vyake vyote ni nati zilizoliwa na maji chumvi.

MAKAME: Basi huyo hana haja ya kufundishwa. Soketi, ile spana ya kikombe inayovalishwa juu ya nati, ikiwa ya pembe sita inabana nati ubavuni. Ile ya pembe kumi na mbili inabana karibu na kona, na nati yenye kutu kona ndizo zinazokwenda mwanzo. Kwa gari mpya hutoona tofauti kubwa. Kwa mashine ya boti utaiona siku ya kwanza.

SALMA: Na hayo maandishi ya "Chrome Vanadium" yaliyochongwa juu, kwamba ni chuma kigumu?

MAKAME: Kuchonga maneno hakugharimu kitu, yakhe. Chukua nati mpya ya spana 10 na ya 12, zitie mfukoni, nenda nazo dukani. Itie nati kwenye soketi uizungushe kwa vidole. Ikicheza sana, irudishe juu ya meza yake uende zako. Na mitumba msiidharau. Katika mizigo ya Japani huja spana zilizoandikwa KTC, hiyo ni kampuni ya Kyoto. Ukiikuta haijapasuka mdomo, ichukue, hata kama imepauka.

SALMA: Bisibisi je? Maana kila mtu anayo nyota moja anafungulia kila kitu.

MAKAME: Hapo ndipo kabureta zinapoharibiwa! Tazama skrubu ya kabureta ya pikipiki ya Kijapani. Ikiwa na kidoti kimoja pembeni ya msalaba, hiyo imetengenezwa kwa kiwango cha Japani, JIS. Nyota ya kawaida, ile ya Phillips, ncha yake haizami mpaka chini. Ukikaza mkono inapanda juu na kuchuna msalaba, halafu fundi analaumiwa kwamba mkono wake mzito. Bisibisi ya JIS ipo, Vessel wanatengeneza, na hiyo hiyo inafungua skrubu za Phillips vizuri tu. Moja nzuri namba 2 inatosha kwa kazi nyingi.

SALMA: Sasa vinavyotoa namba. Spana ya toki, ile inayolia ukifikia nguvu ya kukaza uliyoiweka. Vijana wengi naona wanayo ile ndefu.

MAKAME: Ndefu ya nini? Ile inaanza nyutoni mita 40, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza, inakwenda mpaka 200 na kitu. Ni ya nati za magurudumu ya gari. Bolti ndogo ya milimita 6 kwenye injini ya pikipiki inataka kama 10 hivi. Sasa utaiwekaje 10 kwenye spana inayoanza 40? Utavuta, utangoja ilie "ta", na nyuzi za aluminiamu ya injini zimeshakufa zamani. Ukifanya pikipiki, Vespa au mashine ndogo ya boti, nunua fupi ya kuanzia 5 mpaka 25. Ya pili, kubwa, utanunua ukipata haja nayo.

SALMA: Na nitajuaje kama inasema kweli? Nyingine ni bei ya pweza mmoja tu pale sokoni.

MAKAME: Ifunge kichwa chake kwenye jiliwa, mshiko ulale sawa na ardhi. Pima kwa tepu sentimita 20 kutoka katikati ya kichwa, hapo funga kamba, utundike dumu la maji lita 5. Lita 5 ni kilo 5, kwa sentimita 20 inakuja karibu nyutoni mita 10. Iweke spana kwenye 10 kisha uliachie dumu polepole. Uzito wa spana yenyewe na dumu tupu unaongeza kidogo, kwa hiyo usitegemee cheti cha maabara. Spana nzuri inaruhusiwa kukosea asilimia 4 kwenda huku au huku. Lakini ukiiweka 14 ikalia na dumu lile lile, au ukaiweka 7 ikanyamaza, hiyo rudisha dukani.

SALMA: Nimeipenda hiyo. Watu wengine wanaitumia pia kufungulia nati ngumu.

MAKAME: Astaghfirullah. Ile ni ya kukazia tu. Na ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, springi ipumzike. Usipitishe chini ya hapo.

SALMA: Geji ya kompresheni, ya kupimia mbano wa upepo ndani ya silinda. Kuna ya mpira unayoibana kwa mkono, na kuna ya kufunga kwenye tundu la plagi.

MAKAME: Ya kufunga. Ile ya mpira mtu anaibana, mwengine anapiga kiki, namba inategemea nani kachoka. Lakini hata ya kufunga ina siri yake. Tazama mwisho wa paipu unaoingia kwenye tundu la plagi: ndani kuna kivalvu kidogo mfano wa kile cha tairi. Kiwe huko huko mwisho. Kikiwa juu karibu na geji, upepo wa ndani ya paipu unajihesabu pamoja na wa silinda, na kwenye injini ndogo ya cc 50 au 100 namba inaanguka sana. Mtu anashusha silinda nzima, anabadili ringi, na ringi hazikuwa na kosa.

SALMA: Kivalvu kikifa, mtu atie cha tairi?

MAKAME: Asitie! Cha tairi springi yake ngumu, kitakupa namba ndogo. Kinauzwa chake, laini. Na unapopima, fungua mafuta mpaka mwisho, usipime na akseli imefungwa.

SALMA: Fila geji, yale majani ya chuma ya kupimia mianya?

MAKAME: Rahisi yoyote, mradi namba zinasomeka na majani hayajapinda. Kwa mwanya wa tapeti, yaani wa valvu, za pikipiki ndogo unataka jani la milimita 0.05 na la 0.10. Ipake mafuta, maana ile hufanya kutu ndani ya pochi yake.

SALMA: Magineti, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki. Kulitoa hapa nimeona nyundo nyingi.

MAKAME: Nyundo juu ya krenki inaua beringi, basi. Vespa PX inataka pula yake, kifaa cha kulivutia nje, ya nyuzi za milimita 28 kwa 1, kitu kidogo, si ghali. Mashine ya boti ni pula ya bolti tatu, zinaingia kwenye matundu yaliyomo kwenye magineti yenyewe. Ile ya makucha, inayoshika ukingo, inapasua.

SALMA: Msikilizaji wa Nungwi anauliza kibana ringi na kibana springi za valvu.

MAKAME: Springi, kaazime gereji, utakitumia mara moja kwa mwaka. Ringi za tuu-stroki, vidole vyako vinatosha, silinda chini imechongwa mdomo mpana. Ila kila ringi mwanya wake ukae kwenye kipini chake, usiizungushe silinda wakati wa kuishusha.

SALMA: Juma lijalo, inshallah, tutaifungua kabureta yenyewe hapa mezani. Kaka Makame, lete hiyo bisibisi.

MAKAME: Naleta mbili. Moja yako.