Akiba Inayooza: Kupunguza Vitu Nyumbani Kidogo Kidogo

NEEMA: Karibu, msikilizaji, katika kipindi chetu. Mimi ni Neema, na mezani niko na kaka Idrisa. Leo tunazungumzia vitu vilivyojaa majumbani mwetu, na namna ya kuvipunguza kidogo kidogo bila nyumba kuonekana kama ya watu wanaohama. Kaka Idrisa, naomba uanze na habari ya viatu vyako, maana ulinisimulia huku ukicheka, lakini nadhani siku yenyewe hukucheka.

IDRISA: Sikucheka hata kidogo, dada Neema. Nilikuwa na viatu vyeusi vya ngozi nilivyonunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nikavivaa siku ile moja, nikavifuta, nikavijaza magazeti ndani, nikavirudisha kwenye boksi lake na kulisukuma uvunguni mwa kitanda, na huko vikakaa miaka sita. Mwaka huu nikaalikwa kwenye harusi nyingine. Nikavitoa vikiwa vinang'aa kama vya jana, nikaingia ukumbini kwa madaha, na kabla sijaifikia meza yetu nikahisi ninakanyaga kitu kama mkate mkavu. Nilipogeuka nikaona vipande vyeusi vimenifuata kutoka mlangoni. Zilikuwa soli zangu. Nilimaliza sherehe nimekaa, miguu nimeificha chini ya kitambaa cha meza, na wakati wa kutoa zawadi nikamtuma mke wangu acheze peke yake hadi mbele.

NEEMA: Na wala hukuwa umevichakaza kwa kuvivaa.

IDRISA: Hilo ndilo lililoniuma. Baadaye nikafuatilia, nikakuta kwamba soli nyingi nyepesi za siku hizi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo unyevu wa hewani huivunja taratibu kutoka ndani, kiatu kivaliwe kisivaliwe, na joto huiharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo boksi la uvunguni, katika hewa yetu hii ya Dar es Salaam, halikuwa likivihifadhi viatu vyangu. Sisi tumelelewa na methali isemayo akiba haiozi. Mimi nimeiona ikioza mbele ya wakwe.

NEEMA: Nadhani methali ile ilikuwa na mambo yake: fedha, mahindi yaliyokaushwa vizuri, labda na wema uliomtendea mtu. Tatizo ni kwamba tumeihamishia kwenye kila kitu. Mipira ya kufungia pesa hunata na kukatika, mafuta ya kupikia ya ofa hubadilika harufu, shuka la wageni lililokunjwa miaka mitano hutoka na mistari ya manjano kwenye mikunjo, na betri ya simu ya zamani huvimba hadi kuusukuma mfuniko wa simu. Kwa bahati mbaya, kitu kilichoharibika ndani ya kabati hakipigi kelele. Akiba nyingi tulizo nazo zilikwisha siku nyingi, ila hatujaenda kuangalia.

IDRISA: Lakini wewe ulikwenda kuangalia, tena kwa siku moja.

NEEMA: Usinikumbushe! Desemba ya mwaka juzi nilijitia ushujaa, nikaamua kuimaliza stoo Jumamosi moja. Saa moja asubuhi nikatoa kila kitu uani: madumu, ndoo za rangi, magodoro mawili, feni isiyozunguka, mabegi ya nguo, masufuria yasiyo na vishikio. Saa tano nilikuwa bado nimekaa kwenye kigoda nikisoma madaftari ya darasa la pili ya mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ananizidi urefu. Saa tisa wingu likafunga. Mvua ilipoanza, tukavirudisha vitu vyote ndani kwa kuvirusha, vikakaa vibaya kuliko mwanzo, na kwa miezi mitatu sikuweza hata kuufikia mlango wa nyuma.

IDRISA: Watu hudhani kazi ile ni ya misuli, kwa hiyo huita vijana wa kuwasaidia kubeba. Kumbe ugumu wake uko kwenye maswali, kwa sababu kila kitu unachokishika kinakuuliza: mimi ni wa nani, ninafanya kazi, nitahitajika, na nikiondoka nani atanuna? Binadamu anaweza kujibu maswali 20 ya namna hiyo kwa akili timamu, lakini akifika la 100 hujibu tu, "Kaa hapo kwanza." Na hiyo "kaa hapo kwanza" ndiyo iliyoijaza stoo.

NEEMA: Ndiyo maana siku hizi mimi hujipa robo saa, baada ya vyombo vya usiku kuoshwa, na huchagua mahali penye kingo. Siendi kupanga chumba, ninakwenda kupanga rafu moja, au mkoba mmoja, au kisanduku cha dawa. Robo saa ikiisha ninaacha, hata kama mkono bado unawasha. Kuacha ni muhimu kama kuanza, kwa sababu kinachokufanya urudi kesho ni kwamba jana hukuchoka.

IDRISA: Mimi nilianza na droo ya meza ya televisheni. Nilikuta rimoti mbili za televisheni tuliyokwisha kuiuza, chaja tatu za Nokia zenye ile ncha nyembamba, mshumaa uliopinda kwa joto, karatasi za luku zilizofutika namba, na kadi 14 za kuombwa michango ya harusi, ambazo ndoa nyingine kati yake zina watoto wa sekondari. Vyote hivyo havikunisumbua. Kilichonisumbua ni kopo la funguo. Zilikuwa 11, na sikujua hata mmoja ni wa nini. Sasa mtu hutupaje ufunguo, dada Neema? Mkono unakataa kabisa.

NEEMA: Kwa sababu siku utakayoutupa ndiyo siku utakayoliona kofuli lake.

IDRISA: Basi niliufanya kuwa mgawo wa jioni ya pili: nikazunguka nyumba nzima na kopo langu, nikijaribu kila kofuli, kila kabati na kila mlango. Funguo tatu zikafungua, na mmoja kati ya hizo ni wa geti, ambao tuliutafuta mwaka mzima hadi tukachongesha mwingine. Saba hazikufungua kitu, nikazipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mmoja mdogo, wa bati, ukabaki. Huo sikuuelewa, nikaurudisha kwenye kopo.

NEEMA: Turudi kwenye lile swali la nani atanuna, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapogombana. Mimi nina sharti moja: anza na vya kwako. Mume wangu ana redio nne mbovu ambazo anasema atazitengeneza akistaafu. Zamani nilikuwa ninazitazama kwa jicho la kutupa. Siku hizi ninaanza na nguo zangu, kanga zangu, vitenge vyangu vya sare za harusi nilizohudhuria mara moja, na kusema kweli nilipohesabu sare nilinyamaza kuhusu redio.

IDRISA: Na vya marehemu je? Naona hilo lina uzito zaidi ya redio.

NEEMA: Lina uzito mkubwa. Jirani yetu mmoja alikwenda kwao kumsaidia mama yake kupanga chumba cha marehemu baba, miaka saba baada ya msiba. Kwa nia njema kabisa akagawa makoti na vitabu kwa vijana wa pale, na kaka zake walipopata habari hawakuzungumza naye hadi Pasaka.

IDRISA: Kwetu Waislamu hilo lina hukumu yake. Alichokiacha marehemu, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, ni mirathi, hata kama ni saa ya mkononi au kanzu iliyofifia. Kina warithi wenye mafungu yao, na hakuna mmoja anayeruhusiwa kukitoa bila ridhaa ya wenzake. Kwa hiyo chumba cha namna hiyo si cha kuanzia robo saa peke yako. Ni cha kikao.

NEEMA: Na kwa makabila mengi huku bara, siku ya kuanua tanga ndugu huwapo, nguo hutolewa, na kila mmoja huondoka na kumbukumbu yake. Unaona, mila zetu zilikuwa na siku maalumu ya kazi hii. Ila sasa msiba unaisha Jumapili na Jumatatu watu wamo ndani ya mabasi kurudi kazini, nguo zinafungiwa kwenye sanduku "hadi tutakapokutana", na sanduku linageuka kuwa samani. Ushauri wangu ni mdogo: mkikutana kwa jambo jingine, harusi au ubatizo, tengeni saa moja na kulifungua pamoja.

IDRISA: Tutoke nje kidogo, maana wengi husafisha sebule na kuvihamishia vitu uani, wakidhani vimeondoka. Uani ndiko vinakoanza kudhuru. Tulikuwa na milipuko ya homa ya dengi hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu anayeieneza, Aedes aegypti, hahitaji bwawa. Anatosheka na kopo, kifuu cha nazi, tairi kuukuu, sahani ya chini ya chungu cha maua. Huuma zaidi mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikukingi naye. Kwa joto letu, yai lake huwa mbu mzima ndani ya siku 10 hivi.

NEEMA: Kwa hiyo nikimwaga maji nimemaliza?

IDRISA: Hujamaliza, na hapo ndipo wengi hukosea, mimi nikiwa mmoja wao. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, yakaganda pale. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, na mvua ikirudi na kuyafikia, yanaanguliwa kama yaliyotagwa juzi. Ukimwaga maji na kukiacha chombo, umeyaacha mayai. Ama ukisugue kwa brashi, ama ukifunike, ama kiondoke. Mimi nilikuwa na ndoo za rangi sita nyuma ya nyumba, ninazitunza kwa kuwa "zitafaa". Nilibakiza mbili zenye vifuniko.

NEEMA: Umetaja kuondoka. Viondoke viende wapi? Chuma kina mwenyewe: wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaani na mizani yao, na chupa za plastiki zina waokotaji wake, kwa hiyo wawekee kwenye mfuko wao peke yake ili wasilazimike kuchambua taka zako. Dawa zilizopita muda ziulizie kituo cha afya au duka la dawa, wala usizimwage mahali watoto wanapoweza kuziokota. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichome, mpelekee fundi simu. Na nguo, tafadhali, mpe mtu nguo ambayo ungeweza kumpa mgeni. Kuna tabia ya kujaza begi matambara na kulituma kijijini, halafu tunasubiri shukrani.

IDRISA: Mjomba wangu alipokea begi la namna hiyo, akanipigia simu kuuliza kama tulikuwa tumekosea begi.

NEEMA: Alikuwa muungwana. Na vile vitu vinavyoingia kila siku? Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini jikoni kwangu ule mfuko wa kuhifadhia mifuko haukupungua hata siku moja, kwa sababu nafasi ilijazwa na hii mipya inayofanana na kitambaa. Ninaponunua nyanya bila kubeba kikapu ninarudi na mfuko mwingine. Nimeamua kubaki na 10, na kila unaozidi hurudi sokoni kwa mama wa mboga, ambaye anaupokea kwa furaha.

IDRISA: Na lile kabati la vyombo la mama yako? Uliahidi kulisimulia.

NEEMA: Mama ana seti ya vikombe vyeupe vyenye mstari wa dhahabu, ambavyo sisi watoto tulivijua kwa kuvitazama tu nyuma ya kioo. Mwaka huu nilimwomba tupange rafu hiyo moja, basi. Tulipovitoa tukakuta vikombe 12, na viwili vina ufa mwembamba kama unywele bila mtu kuvigusa, au angalau bila mtu kukiri. Akavitazama, akaniambia nichemshe maji. Tukanywa chai ya saa nne asubuhi, mimi na yeye, kwa vikombe vya wageni, na baadaye akavipanga jikoni kwenye kichanja pamoja na vya bati. Mgeni aliyekuja jioni akapewa kikombe cha bati, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikavu.

IDRISA: Mwanga wa taa umeanza kuniambia muda umekwisha. Mimi niseme mgawo wangu wa wiki hii: nina sanduku juu ya kabati la nguo, la kijani, tangu tuhamie nyumba ile. Huu ni mwaka wa tisa.

NEEMA: Lina nini ndani?

IDRISA: Sijui. Lina kofuli dogo, na mke wangu anasema ni langu, na mimi nasema ni lake.

NEEMA: Kofuli dogo, kaka Idrisa? La bati?

IDRISA: Subiri kwanza.

NEEMA: Wiki ijayo uje na lile kopo. Na ukilifungua usilimwage lote kitandani. Anza na mfuko wa mfunikoni.