Stelingi Ikitetema, Anzia Chini ya Gari

(Mhadhara kwa mafundi na madereva wa magari ya watalii, Arusha)

Mafundi wenzangu, na nyinyi madereva mlioacha shughuli zenu mkaja, karibuni sana.

Nianze na madereva, maana wao ndio wanaokutana na tatizo hili la usukani kutetema wenyewe. Umepita Makuyuni, lami imenyooka, mshale uko kwenye 80, wageni wamesinzia. Tairi la mbele linagonga kiungo cha daraja, wala si kwa nguvu. Ghafla usukani unakurupuka mikononi, kushoto kulia, kushoto kulia, huwezi hata kuhesabu. Dashibodi inagongana, vioo havionyeshi kitu, na mtikisiko haukomi mpaka gari limekaribia kusimama.

Likikukuta, usikanyage breki kwa pupa na usishindane na usukani. Achia mafuta, shika imara, vidole gumba viwe nje ya spoki, gari lipungue mwendo, kisha utoke barabarani. Na ukishatoka, tafadhali, usiseme limepita. Litarudi, na huenda siku hiyo kuna lori mbele yako.

Tusilichanganye na mtetemo mdogo unaokuja kwenye 90 ukaondoka kwenye 100. Huo mara nyingi ni balansi ya tairi, au ringi imepinda. Ninalolizungumzia leo huamshwa na kishindo kimoja, kisha hujiendesha lenyewe. Ni ugonjwa wa magari yenye ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili: Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Patrol Y60 na Y61, Defender za zamani, Jimny. Gari ambalo kila gurudumu la mbele lina mikono yake peke yake linaweza kutetema, lakini si hivi.

Na mara nyingi ugonjwa huu huanza gari likishanyanyuliwa, yaani likiwekewa springi ndefu. Kwa nini linyanyuliwe ndipo liugue? Tazameni baiskeli. Uma wa mbele umelala, juu umeegemea kwa mwendeshaji. Ukiurefusha mstari wa uma mpaka ardhini, unagusa chini mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi linafuata, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba, na ndiyo maana mtu huweza kuachia mikono baiskeli ikaenda. Mlalo huo kwenye gari tunauita kasta. Sasa, kwenye Land Cruiser 80, na kwenye 70 za kazi nzito tangu zilipowekewa springi za koili mbele mwaka 1999, ekseli imeshikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma hadi kwenye chesisi. Ukiweka springi ndefu, ekseli inashuka, lakini haishuki wima. Inazunguka na mikono yake, na sehemu ya juu inainama mbele. Kipimo cha mafundi ni kwamba kila inchi ya kunyanyua hula karibu digrii moja. Gari la 80 limetoka kiwandani na digrii kama 3. Nyanyua inchi 2, hesabu mwenyewe kilichobaki.

Kasta ikipungua, tairi halina tena hamu ya kurudi katikati. Hapo kila ulegevu mdogo, ambao zamani gari liliuvumilia, unapata nafasi ya kusema. Ongeza tairi kubwa na ringi zilizotoka nje, na uzito wenyewe unaanza kusukuma.

Hapa niseme kosa langu. Miaka mingi nyuma dereva aliniletea Land Cruiser 79, mojawapo ya zile za 70, iliyonyanyuliwa, inatetema. Nikabadilisha shokapu ya stelingi, ile inayotuliza mitikisiko ya usukani, nikalijaribu, likatulia kabisa, nikapokea pesa. Wiki mbili baadaye alirudi akiwa amevutwa, bolti ya fimbo ya panhadi, ile inayozuia ekseli isiyumbe kando, imekatika. Alikuwa na familia ya wageni ndani. Hakuumia mtu, lakini uso wa yule kijana sijausahau. Shokapu mpya ilikuwa imeuziba mdomo ugonjwa, na mimi ndiye niliyeuziba. Tangu siku ile sigusi shokapu ya stelingi kabla sijalala chini ya gari.

Namna ya kulala ni hii. Gari lisimame kwa matairi yake, lisiwe juu ya jeki, kwa sababu uzito lazima uwe pale unapokuwa barabarani. Injini iwake, hendibreki juu, matairi ya nyuma yazuiwe. Mwenzako ayumbishe usukani taratibu, robo kushoto, robo kulia. Wewe usitegemee macho. Weka kidole pale vyuma viwili vinapokutana, nusu huku, nusu kule. Vikipishana hata unene wa ukucha, kidole kitakuambia. Pitia tairodi zote, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, boksi ya stelingi inapofungwa kwenye chesisi, halafu kaa sana kwenye fimbo ya panhadi, ile iliyolala mshazari kutoka chesisi hadi ekseli. Futa vumbi kwenye bolti yake. Ukiona chuma kinang'aa kuzunguka kichwa cha bolti, au kuna unga mwekundu wa kutu, fungua. Mara nyingi utakuta tundu limekuwa na umbo la yai. Tundu la hivyo haliponi kwa kukaza nati. Lichomelewe na kuchongwa upya, au mabano yabadilishwe.

Baada ya hapo ndipo unyanyue gurudumu. Shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, pini ambazo gurudumu hugeukia kushoto na kulia, ndani ya nakoli, kile kichwa cha ekseli kinachobeba gurudumu. Vijana wengi hubadilisha za gurudumu bila kupima, na ugonjwa unabaki palepale. Beringi za kingipini hazizunguki mzunguko mzima, zinajongea tu kidogo. Barabara kama ile ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, iliyojikunja kama bati, inazigonga sehemu ileile maelfu ya mara mpaka rola zinachimba vijishimo kwenye kikombe. Pitisha ukucha ndani, utavihisi. Weka mpya, uzikaze kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, mpaka nakoli ikatae kugeuka kirahisi, ukipima kwa mizani ya springi kama kitabu cha gari hilo kinavyoagiza.

Ulegevu ukiisha, ndipo tunarudisha kasta: bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya mikono, zenye tundu la pembeni kwa kunyanyua kidogo, mabano ya kushusha mikono kwa kunyanyua zaidi. Kwenye 75 za springi za majani, ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Alaimenti ifuate, na shokapu ya stelingi iwe ya mwisho.

Kijana mmoja pale mlangoni ameniuliza, "Mzee, nimeweka bushi mpya za panhadi mara tatu mwaka huu, zinachanika. Kosa liko wapi?" Swali zuri sana. Naamini, mwanangu, umezikaza gari likiwa juu ya jeki. Bushi ya mpira ikikazwa ekseli inaning'inia, gari likishuka mpira unakuwa umesokotwa siku zote. Weka bolti, ulegeze, shusha gari, litingishe lijikalie, ndipo ukaze.

Gari liko nje, linanguruma. Naomba wawili: mmoja kwenye usukani, mwingine alale nami chini.