Kabla Hujasaini, Mtoto Anabaki na Nani?

Habari za mchana. Asanteni kina mama kwa kuja, na hao kina baba wanne waliokaa mlangoni kama wamesindikiza tu, sogeeni mbele. Mada ni yenu pia.

Kazi yangu ni rasilimali watu, hapa hapa Dar es Salaam. Nimekabidhi barua nyingi za ajira, na kila ninayemkabidhi namwangalia anavyoisoma. Macho yanakimbilia mshahara. Saa za kazi zitasomwa nyumbani, tena baada ya kusaini.

Siwacheki, hata mimi nilisoma hivyo hivyo. Mwanangu alikuwa na miezi saba, tunakaa Mbagala, nikaitwa kazini Masaki kwa mshahara uliozidi wa zamani karibu theluthi. Nikasaini siku ileile. Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto amelala. Kazini tunatoka saa kumi na moja jioni, Barabara ya Kilwa mnaijua, nafika saa mbili kasorobo, mtoto amelala. Zaidi ya saa 14 yuko na dada wa kazi. Mwezi wa tatu dada akaniambia mama yake anaumwa, anakwenda kumwona, atarudi Jumapili.

Naona mnacheka. Ile Jumapili kila mtu hapa anaijua.

Niliomba ruhusa siku tano. Siku ya sita bosi akaniuliza kama kazi bado naitaka. Dada mpya akataka zaidi, na siku za foleni mbaya nikawa napanda bodaboda ili niwahi. Ile theluthi sikuiona tena.

Tangu hapo, mtu akiniletea ofa yake tuitazame, namwomba karatasi. Andika saa utakayotoka nyumbani na saa utakayorudi. Katikati andika jina la anayebaki na mtoto. Chini yake andika jina la pili, la mtu atakayemshika siku wa kwanza hayupo. Wengi wanakwama kwenye jina la pili. Wanaandika "bibi yake". Umemuuliza? Bibi wa siku hizi ana genge lake, ana kikoba, na misiba yote ya ukoo inamtegemea yeye.

Kama ni kituo cha kulelea watoto mchana, kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo, kwa hiyo usione aibu kuomba kuona cheti. Uliza pia wanafunga saa ngapi. Mimi napendelea kituo cha karibu na nyumbani kuliko cha karibu na ofisi. Foleni ikikushika, jirani anaweza kumchukua, na mtoto hagombanii daladala alfajiri.

Sasa sheria ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hiyo mnaijua. Msiyoijua ni kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita, kwa kawaida, hastahili likizo ya malipo. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba anayehama kazi ahesabu miezi kwanza. Na mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Kutoka Masaki hadi Mbagala na kurudi kwa saa mbili? Labda upae. Ndiyo maana nashauri uombe saa hizo ziunganishwe jioni, utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Mwajiri anaweza kukubali, ila ni jambo la kuongea.

Uongee lini? Barua ikishatoka na wewe hujasaini. Kwenye usaili ulikuwa mmoja kati ya wengi. Sasa wamekuchagua, na kuanza upya kutafuta mtu ni kazi ngumu, niamini mimi ninayeifanya. Usianze na "samahani". Sema umefurahi kupata nafasi, na ungependa saa zako za kuingia na kutoka ziandikwe kwenye mkataba. Sheria yenyewe inataka saa za kazi na mahali pa kazi viandikwe. Mimi niliwahi kuahidiwa kwa mdomo kwamba nitakuwa natoka mapema. Aliyeniahidi akahamishwa, aliyekuja akaniuliza karatasi iko wapi.

Kina baba, sheria inawapa angalau siku tatu mtoto akizaliwa. Ni chache, nakubali. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona mwanaume akiniuliza, kabla ya kusaini, kama ataweza kutoka saa kumi kumchukua mtoto. Leo jioni, ile karatasi yenye majina mawili, mwone kama jina lako limo.

Mama mwenye kitenge cha bluu ameinua mkono tangu nilipotaja dada wa kazi. Mpeni maikrofoni.