Nyota tano mlangoni: namna ya kupima nyumba ya kulelea wazee

(Mhadhara uliotolewa Tanga kwa familia zenye wazee wanaohitaji uangalizi wa kudumu)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Wazee tunaowazungumzia leo wako wa namna mbili. Yuko aliye Marekani au Uingereza, watoto wake wanamtafutia nyumba ya kulelewa, na picha za nyumba hizo zinazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili kila mtu aseme lake. Na yuko aliye hapa hapa, Ngamiani au Pongwe, anayeoshwa na kulishwa na mtu wa kulipwa. Naanza na wa mbali, kwa kuwa huko nyumba hizi hupewa alama za ubora, na ukijua alama inavyopatikana utajua cha kuuliza hata pale pasipo na alama.

Nyota si ngeni kwetu. Mwaka 2015/16, na tena 2017/18, zahanati na vituo vya afya nchini vilipimwa kwa nyota, kuanzia 0 hadi 5. Nyota ile ilieleza hali ya siku ya upimaji. Haikuahidi kwamba mwezi ujao dawa zitakuwepo.

Marekani wamekuwa na nyota za nyumba za wazee tangu Desemba 2008. Ziko kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, sehemu iitwayo Care Compare. Jamaa akikutumieni picha yenye nyota tano, mwambieni arudi atume na nyota tatu zilizo chini yake: ya ukaguzi, ya wafanyakazi, na ya vipimo vya ubora. Nyota ya jumla hupikwa kutokana na hizo. Wanaanza na nyota ya ukaguzi. Wafanyakazi wakiwa na nyota 5, inaongezwa moja. Wakiwa na 1, inapunguzwa moja. Vipimo vya ubora vivyo hivyo. Sasa fanyeni hesabu nami. Nyumba ina ukaguzi nyota 4, vipimo vya ubora 5, wafanyakazi 2. Nne na moja ni tano, na wafanyakazi wa nyota 2 hawapunguzi kitu. Mlangoni panasomeka tano, lakini usiku mzee wako anahudumiwa na wafanyakazi wa nyota mbili.

Kwa maoni yangu nyota ya wafanyakazi ndiyo ya kusomwa kwanza, na nitaeleza kwa nini. Vipimo vya ubora, kama vile wangapi wameanguka na wangapi wana vidonda vya kulalia, kwa sehemu kubwa hutokana na fomu zinazojazwa na wauguzi wa nyumba yenyewe. Watafiti walipolinganisha fomu hizo na madai ya malipo ya hospitali, walikuta kwamba katika maanguko yaliyoleta majeraha makubwa, yaliyoandikwa kwenye fomu yalizidi nusu kidogo tu. Kwa hiyo nyumba isiyo na maanguko kwenye karatasi huenda ni salama kweli, au huenda haiandiki. Saa za wafanyakazi, kwa upande wake, tangu 2018 huchukuliwa kwenye kumbukumbu za mishahara, na mshahara hauandikwi ovyo. Humo mtaona saa za uuguzi kwa kila mzee kwa siku, saa za Jumamosi na Jumapili peke yake, na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Hiyo ya mwisho msiipite. Mhudumu aliyekaa mwaka mzima anajua mama hunywa chai ya rangi asubuhi, na siku akikiacha kikombe kikiwa kimejaa, anajua kuna jambo. Aliyeingia kazini juzi atakiondoa kikombe na kuendelea na kazi.

Kwenye ukaguzi, msiishie kwenye idadi ya makosa. Kila kosa lina herufi, kuanzia A hadi L. G, H na I maana yake kuna mzee aliyeumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo. Makosa kumi ya herufi D yananitisha kidogo kuliko G moja. Someni maelezo yenyewe, yameandikwa kwa urefu: nini kilitokea, zamu ipi, nani alikuwepo. Mkiona alama ya mkono kwenye duara jekundu, iliyoanza kutumika 2019, nyumba hiyo imekutwa na kosa linalohusu unyanyasaji. Na nyota za ukaguzi hugawanywa ndani ya jimbo: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja. Kwa hiyo kulinganisha nyota za ukaguzi za nyumba ya Texas na za nyumba ya Ohio hakuna maana.

Kuhusu Uingereza, maelezo ni mafupi. Kwa England, mkaguzi ni CQC, tume ya kusimamia ubora wa huduma, naye hutumia maneno badala ya nyota, ngazi nne, kwa maswali matano: usalama, ufanisi, kujali, kuitikia mahitaji ya mtu, na uongozi. Angalieni kwanza tarehe ya ripoti. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, ulizeni kama meneja wa wakati ule bado yupo.

Sasa turudi nyumbani. Makazi ya wazee tuliyo nayo, kama Mwanzange hapa Tanga, ni ya serikali kwa wazee wasio na wa kuwatunza, na hayana nyota za kuchagulia. Wengi wetu tunaajiri mtu, au tunasikia mahali pa binafsi panapopokea wazee kwa malipo. Hapo mkaguzi ni wewe.

Anza na zamu ya usiku. Tuseme wazee ni 30 na mhudumu wa usiku ni mmoja. Kumi hawawezi kujigeuza, na kila mmoja anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo. Kumgeuza, kumbadilisha pampasi na kunyoosha shuka ni dakika 10. Kumi mara kumi ni dakika 100 katika 120. Zinabaki dakika 20 za wazee wengine 20, na hapo hajaenda chooni wala hajainuliwa mzee mzito anayehitaji watu wawili. Kitakachotokea ni kwamba hawatageuzwa. Si ubaya wa roho ya mhudumu, muda haupo.

Matokeo yake utayaona kwenye ngozi: visigino, nyonga, na mfupa wa juu ya makalio, mahali nyama inapobanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite. Vitabu husema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, basi tumia nyuma ya mkono: pakiwa na joto, ugumu, au ulaini wa kubonyea kuliko ngozi ya jirani, kidonda kinaanza chini kwa chini. Pima na uzito. Mama wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, au kilo 6 ndani ya miezi sita, bila kukusudia, apelekwe hospitali. Aliyemlisha aulizwe chakula kinabaki kiasi gani kwenye sahani.

Siku ya kwenda kuangalia mahali, usiende Jumatano saa nne asubuhi ulipoalikwa. Nenda Jumapili saa kumi na mbili jioni, wakati wa chakula. Tazama bilauri ya maji: iko mkononi mwa mzee, au kwenye meza asiyoifikia? Kaa saa nzima uone nani hajasogezwa kwenye kiti. Mzee akiita, hesabu dakika. Harufu ya mkojo kwenye kona moja inaweza kuwa ni ajali ya sasa hivi. Ikiwa nyumba nzima, mashuka hayabadilishwi. Uliza mzee anayeshindwa kulala hupewa nini. Jibu likija haraka kwamba hupewa dawa ya kumtuliza, uliza nani aliiandika na lini.

Waliokuja na picha za kurasa kutoka kwa jamaa zao, zileteni hapa mbele. Tuanze na ile ya nyota nne, tuangalie kwanza saa za Jumamosi na Jumapili.