Mombasa Ilisukumwa kwa Mikono

SALIM: Karibuni tena jamani, leo ni usafiri wa Mombasa, na usinianzishie na SGR, hiyo treni ya kisasa, mimi nataka vile vigari vya kusukumwa.

MWANAISHA: Zile troli za zamani?

SALIM: Ehee! Sikiza, mnamo 1890 ile kampuni ya Waingereza, IBEA, ilileta vyuma vya reli nyembamba eti wafike Ziwa Victoria, wakatandika maili chache tu mradi ukafa, vyuma vikang'olewa vikarudishwa mjini, ndo vikapita barabarani mpaka bandari ya Kilindini.

MWANAISHA: Na injini?

SALIM: Injini gani yakhe, watu! Kigari kina kiti na turubai la jua, bwana mkubwa kaketi, vijana nyuma wanasukuma mbio. Wakubwa wa serikali walikuwa na vyao binafsi.

MWANAISHA: Lakini si jambo geni Mombasa, jahazi zikiingia na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, mizigo ikishuka Bandari ya Kale inabebwa na mahamali. Hata reli yenyewe ya Uganda ilipoanza kujengwa 1896 ilikuwa ni jasho la watu, wengi waliletwa kutoka India, wakafika Kisumu 1901. Meli kubwa zikahamia Kilindini kwenye kina, Bandari ya Kale ikabakia na majahazi.

SALIM: Halafu motokaa zikaingia, miaka ya 1920 hivi troli zikafa. Sasa shida ikawa maji, maana sisi ni kisiwa, gari utalivusha na nini?

MWANAISHA: Nyali wakaweka daraja la kuelea 1931, hili la zege tunalopita sasa ni la 1980. Ila mimi napenda ya Mtwapa, ile feri ya mnyororo, wanaume walikuwa wanavuta kwa mikono huku wanaimba na gari ziko juu.

SALIM: Unaona! Bado ni mikono! Umevuka na gari lako la fahari lakini umevutwa na mtu. Kilifi nako feri mpaka daraja lilipokuja 1991.

MWANAISHA: Na Likoni feri toka 1937 mpaka leo, maskini.

SALIM: Usiseme maskini, wa miguu havuki kwa pesa pale. Halafu kukaja lile daraja la kuelea la Liwatoni, la wakati wa korona, walitaka kupunguza msongamano kwenye feri, meli ikija lilikuwa linafunguliwa kati.

MWANAISHA: Lakini gari halikupita pale, kwa hivyo wa magari bado yuko kwenye foleni na jua lake.

SALIM: Na nenda sokoni Marikiti asubuhi uone mikokoteni, treni ya kisasa ipo Miritini toka 2017 lakini gunia la viazi linasukumwa na kijana, na matatu inampigia honi juu!

MWANAISHA: Hapo sasa umenigusa, wapewe njia yao. Tukirudi tunaanza na hilo, na tuktuk pia.