Begi la Safari ya Siku Kadhaa: Lita za Mzigo, Sentimita za Mgongo

Haya jamani, karibuni. Leo utangulizi mfupi, maana jua linaingia dirishani na muda si mrefu hamtaniona vizuri. Swali ni lile ninaloulizwa kuliko yote: nataka kwenda kutembea milimani, nilale huko siku kadhaa, nichukue begi la lita ngapi?

Mimi nauza mabegi. Jibu la biashara ni "chukua kubwa," nikuandikie risiti, tuagane. Ila begi kubwa lina tabia moja mbaya, halikubali kubaki tupu. Ukiwa na lita 80 utaona nafasi, utatia koti la pili, viatu vya tatu, na tochi ya akiba ya ile tochi ya akiba. Kilima cha kwanza tu unaanza kunitaja jina, na si kwa uzuri. Kwa hiyo begi linanunuliwa mwisho. Hema kwanza, mfuko wa kulalia kwanza, jiko kwanza. Ukishavijua hivyo ndiyo uje dukani.

Angalieni haya mawili. Mdogo wangu, sogeza kamera. Siyo mimi, mabegi. Yote mawili ni aina moja, rangi moja, na yote yanauzwa kama lita 60. Hili limeandikwa S, hili limeandikwa L. Mezani huoni tofauti kubwa. Tofauti iko hapa nyuma, kutoka mkanda wa kiunoni mpaka pale mikanda ya mabega inapoanzia. Lita zinapima mzigo. S na L zinapima mgongo wako. Watu wanakuja wanauliza lita, lita, lita, mgongo hakuna anayeuliza, halafu mabega yakiwaka moto wanasema begi ni baya.

Tuanze na lita, hizo ni rahisi.

Tafuta boksi la katoni. Hili langu lilikuwa la feni, msilijali. Pakia humo kila kitu utakachobeba ndani ya begi, ukiacha chakula na maji. Mfuko wa kulalia uwe ndani ya kipochi chake, umebanwa. Jiko liingie ndani ya sufuria, soksi ziingie kila penye tundu. Kigodoro cha sponji kiache nje, hicho kwa kawaida kinafungwa nje ya begi. Usivikandamize vitu kwa goti, panga tu kama mtu mwenye akili timamu. Sasa pima kwa sentimita urefu na upana wa boksi, halafu kimo. Kimo mpaka pale vitu vilipofika, siyo mpaka ukingoni.

Hapa nina 40 kwa 35, na vitu vimefika 35. Zidisha zote tatu unapata 49,000. Gawa kwa 1,000. Lita 49. Kwisha.

Kwa chakula cha siku tatu nne mimi huongeza kati ya lita 5 na 10. Kwa hiyo mzigo huu ni wa begi la lita 55 au 60. Sitafuti la 75 "kwa usalama." Usalama wa nini?

Kama huna boksi, au vifaa bado hujanunua, kuna makadirio ambayo wengi tunaanzia hapo. Usiku mmoja mpaka mitatu, lita 30 hadi 50. Usiku mitatu mpaka mitano, 50 hadi 70. Zaidi ya hapo, au mahali pa baridi kali, 70 kwenda juu. Najua, 30 hadi 50 ni pengo kubwa, na anayelijaza ni mfuko wa kulalia. Wa manyoya ya bata ukiubana unapungua vizuri. Wa nyuzi za viwandani wenye joto lilelile unaweza kukumalizia sehemu yote ya chini ya begi. Halafu kuna hema. Mkiwa wawili mnagawana, mmoja anabeba kitambaa, mwingine anabeba fito na vigingi. Na kama safari yenu ina wapagazi wanaobeba mizigo mikubwa, mgongoni kwako unabaki na maji, koti la mvua, nguo ya joto na kitu cha kutafuna. Hapo lita 25 mpaka 35 zinatosha, na usiniletee ubishi.

Jambo dogo kabla hatujasonga. Lita zilizoandikwa kwenye lebo usizichukulie kama kiapo. Kuna watengenezaji wanaohesabu mifuko ya nje, wengine wanahesabu tumbo la begi peke yake. Pia begi hilohilo likiwa L mara nyingi lina lita mbili tatu zaidi ya likiwa S. Ndiyo maana nasema njoo na vitu vyako uvipakie mbele ya muuzaji. Akinuna, nenda duka jingine.

Uzito nao. Kanuni inayotumika sana ni kwamba begi likishajaa lisizidi asilimia 20 ya uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 65 anaishia kilo 13, na hapo maji yamo. Lita moja ya maji ni kilo moja, hayo hayana punguzo. Kupima ni kupanda kwenye mizani ukiwa na begi, kisha bila begi, na kutoa. Twende mbele.

Mgongo. Hapa naomba utulie, na kama unatazama huku unapika, zima jiko kwanza.

Unahitaji futi ya fundi cherehani, ile laini. Futi ya chuma ya fundi seremala haifai kwa sababu haikunjiki kufuata mgongo. Unahitaji kipande cha selotepu. Na unahitaji mtu wa pili, kwa sababu mgongo wako huwezi kujipima. Mdogo wangu, weka kamera pale, njoo.

"Kaka, niweke wapi?"

Juu ya kabati. Hapo. Sawa, mnatuona? Mnaona dari. Ishushe kidogo. Haya.

Mwambie mtu wako ainamishe kichwa, kidevu kielekee kifuani. Pitisha kidole nyuma ya shingo kwenda chini, pale shingo inapokutana na mabega kuna pingili imechomoza kuliko zote. Mnaiona hii? Hapa, chini ya ukucha wangu. Huo ndio mwanzo wa kipimo. Bandika kipande cha selotepu juu yake.

Halafu, sikilizeni sana, mwambie ainue kichwa. Usipime akiwa ameinama. Akiinamisha kichwa na mgongo unajikunja pamoja nacho, kipimo kinarefuka. Selotepu ndiyo kazi yake, inakushikia alama, yeye anasimama wima anaangalia mbele.

Sasa chini. Aweke mikono kiunoni, vidole vinne mbele, gumba nyuma. Abonyeze ubavuni, chini ya mbavu, ateremke mpaka aguse mfupa wa nyonga, ule ukingo wa juu kabisa. Siyo pale suruali inapokaa. Wewe, suruali yako inakaa wapi? Mnaona? Huyu kwa suruali yake angepata mgongo wa twiga. Mfupa, siyo suruali. Gumba zikishakaa juu ya mfupa, chora kwa macho mstari kutoka gumba moja mpaka jingine. Pale mstari unapokata uti wa mgongo ndio mwisho wa kipimo.

Lalisha futi kutoka kwenye selotepu mpaka kwenye mstari, ifuate mgongo unavyopinda. Pale kiunoni penye kabonde, futi iingie mle ndani, isiruke. Ngoja, imeteleza. Simama vizuri. Umeinamisha kichwa tena! Inua. Angalia kabati.

47. Naisogeza futi kwenye kamera muone. Sentimita 47. Sasa inamisha kichwa kama ulivyofanya… 50. Mmeona? Mtu yuleyule, dakika ileile, sentimita tatu za bure, na sentimita tatu zinatosha kukutoa kwenye M kukupeleka kwenye L. Kwa hiyo kichwa juu. Nitasema mpaka mnichoke.

Na jingine. Huyu ananizidi urefu, mnaona kabisa. Mgongo wangu mimi ni 49. Yeye urefu wake uko miguuni. Kwa hiyo usije ukaniambia "mimi ni mrefu, nipe L." Mrefu wa wapi? Kuna watengenezaji ambao M yao iko karibu na sentimita 43 mpaka 48, S chini ya hapo, L juu ya hapo, ila wote hawajakaa kikao wakakubaliana. Soma sentimita kwenye lebo, herufi iache. Yapo pia mabegi ambayo mikanda ya mabega inapanda na kushuka kwa velkro. Kama kijana bado anakua, au begi mnaazimana nyumbani, hayo ndiyo napendekeza, ingawa yana uzito kidogo zaidi.

Na haya yanayoitwa ya kike. Mgongo wake ni mfupi, mikanda ya mabega imekaa karibu na imepindwa kupisha kifua, mkanda wa kiunoni umekatwa kufuata nyonga. Mwanamume mwenye mgongo mfupi akilivaa likamkaa, alichukue. Begi halijui jinsia ya mtu.

Haya, kuvaa. Jua limeshaanza kunikata nusu uso, twende haraka.

Begi tupu halikwambii kitu. Tia kilo 7 mpaka 10 ndani. Mimi natumia chupa za maji za lita moja, nane, nimezizungushia mablanketi zisinigonge. Kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa katikati. Chini weka kilaini. Kisha legeza mikanda yote. Yote, mpaka ining'inie.

Vaa. Na sasa mkono wako utataka kuvuta mikanda ya mabega. Uzuie! Anza na kiuno. Ukianza na mabega, begi linaning'inia juu, mkanda wa kiunoni unakuja kufungwa tumboni, na mzigo wote unabaki mabegani. Begi lililokaa sawa, sehemu kubwa kabisa ya uzito iko kwenye nyonga. Inama kidogo mbele, liinue begi kwa mabega, funga mkanda wa kiunoni ili katikati ya sponji ipite juu ya ule mfupa tulioutafuta. Kaza. Simama. Umesikia mabega yalivyopata nafuu, na bado hatujayagusa?

Angalia mbele hapa. Sponji za kiunoni zipite mfupa zije mbele, lakini zisigusane. Zikigusana huna tena pa kukazia, na siku ya tatu ya safari utakuwa umepungua. Mkanda huo ni mkubwa kwako.

Sasa mabega, vuta chini na nyuma, taratibu. Hapa ndipo begi linasema ukweli. Mdogo wangu, nipige picha ubavuni. Ubavuni, siyo usoni. Mkanda unatakiwa ulale juu ya bega bila nafasi, uzunguke nyuma, uungane na begi sentimita chache chini ya kilele cha bega. Ukiona mwanga kati ya mkanda na bega, kidole kinapita, basi begi ni refu kuliko mgongo wako. Ukiona mkanda unashuka mbali sana mgongoni, na ukiuvuta, mkanda wa kiunoni unapanda tumboni, begi ni fupi. Kukaza hakutasaidia. Badilisha saizi.

Halafu vikanda hivi vidogo vya juu, vinavyotoka begani kwenda kwenye kichwa cha begi. Vikae mshazari, nyuzi 45 hivi. Vinavuta begi lisikuangushe nyuma. Kaza kidogo tu, ukizidisha vinabana bega kwa mbele. Mwisho mkanda wa kifuani, chini kidogo ya mtulinga, ukuachie upumue. Huo kama… mnasikia huo mkwaruzo? Ni maikrofoni, inasuguana na mkanda. Nausogeza. Sasa? Sawa.

Sasa usisimame mbele ya kioo kujishangaa. Panda ngazi, shuka. Inama ufunge kamba za viatu. Inua uso uangalie juu. Kisogo kikigonga begi, utatembea safari nzima unaangalia vidole vya miguu yako. Kaa nalo dakika 20, na zikipita usilivue kwa heshima ya muuzaji, endelea. Vidole vikianza kufa ganzi, mabega yamebanwa sana. Legeza mabega, kaza kiuno, jaribu tena. Yakirudia, hiyo siyo saizi yako hata kama rangi umeipenda.

Na ukifika nalo nyumbani, lebo usikate. Pakia vitu vyako halisi, tembea nalo humo humo ndani jioni mbili tatu, ili lisishike tope, kwa sababu begi lenye tope hakuna duka litakalokubali kulipokea.